Fundi Kesho na Kompyuta Iliyogoma Kukimbia

Mkwe wangu alikaa tumboni mwa mama yake miezi kumi na mmoja. Mama yake mzazi anabisha, anasema ilikuwa tisa kama ya watu wote. Lakini mwenye uchungu ahesabu saa ngapi? Mimi nahukumu kwa ninayoyaona. Mtu anayeingia kuoga hana ndevu akatoka nazo zinamgusa kifua, huyo hata kuzaliwa hakuharakisha.

Chai yake anainywa ikiwa imepoa hadi nzi anayetua kikombeni anaondoka akipiga chafya. Siku aliyokuja kuposa kwangu, alituma salamu kwamba yuko njiani. Tukapika, tukala, tukaosha vyombo, binti yangu akaanza kunenepa kwa kungoja, ndipo tukasikia hodi.

"Samahani mama," akasema, "nilikuwa nafunga kamba za viatu."

Nikamtazama miguuni. Amevaa ndala. Nikasema moyoni, huyu nampa, maana hatanitorokea na mtoto wangu. Hata kutoroka kunataka mwendo.

Mtu wa namna hiyo ukimpa kazi ya kuuza samaki, mtaa mzima utahama. Bahati yake alijifunza kazi ya kanda. Zile kanda za video za zamani, nyeusi, nene kama mkate, ambazo watu walirekodi harusi na mahafali na watoto wao waliong'oka meno ya mbele. Zimelala makabatini hadi zimeota ukungu. Mkwe wangu anazifungua kwa bisibisi nyembamba kama njiti, anafuta utepe wake kwa pamba na spiriti, pima kwa pima, kisha anaziweka kwenye deki na kuzihamishia kwenye kompyuta. Humo ndani ana programu ya kusafisha. Inashika picha moja, inaipangusa chenga, inaiweka kando, inashika nyingine. Na sekunde moja tu ya mkanda ina picha nyingi kama kiganja cha mchele.

Mteja akija, "Fundi, tayari?", yeye hujibu, "Njoo kesho." Hadanganyi, ila hasemi kesho ya lini. Mtaa ukambatiza Fundi Kesho, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye cheti, linachacha.

Mimi nilihamia kwao magoti yangu yalipogombana na ngazi za nyumba niliyokuwa nikikaa. Kiti changu wakakiweka kwenye chumba chake cha kazi, karibu na dirisha la barabarani, kwa kuwa ndiko kwenye hewa. Deki zimepangwa ukutani hadi darini, kila moja imevuliwa koti, matumbo nje. Nyaya zimelala sakafuni kama utumbo wa mbuzi. Chini ya meza imekaa kompyuta, inavuma kutwa. Mimi nachambua mchele wangu, yeye anafuta tepe zake, na tunaweza kumaliza asubuhi nzima tumesemeshana maneno mawili, moja likiwa "mama" na la pili "mkwe". Katika maisha yangu sijapata kukaa na mtu kwa raha kama hiyo.

Ng'ambo ya barabara, mlango unatazamana na wetu, kuna kibanda cha Kinyozi. Yeye amenyoa kila kichwa cha mwanamume mtaani hapa, na vingine amevisindikiza makaburini vikiwa bado vina mistari yake. Ukikaa kwenye kiti chake unaondoka na mambo mawili: kichwa safi, na habari za timu ya kiwanda cha nguo, enzi kiwanda kina timu na yeye ni winga. "Nilikuwa nikichomoka," atakwambia, "beki anabaki anaulizia njia." Vijana wanacheka, maana wanamwona anavyoburuta mguu wa kushoto. Wanadhani anatia chumvi.

Kwenye chumvi mimi si mgeni, na namheshimu mwenzangu. Lakini kwa lile hakutia hata punje. Nilikuwa nikienda uwanjani wakati huo, nimemwona. Alikuwa akipita kandokando ya mstari, nguo zilizoanikwa nyumba za jirani zinakauka.

Basi siku moja akaja anavuka barabara kwa kupapasa hewa, kwapani ana kitu amekifunga taulo. Akakiweka mezani kwa mkwe wangu kama anayelaza mtoto. Ilikuwa kanda.

"Fundi," akasema, "hii meneja wetu aliirekodi mwenyewe, mechi ya mwisho kabla sijavunjika. Mjane wake kanipa juzi alipokuwa anahama. Nimo humu."

"Bao lako limo?" mkwe wangu akauliza.

"Siku hiyo sikufunga. Bao sina haja nalo." Akavuta kigoda, akakaa. "Daktari kaniambia presha ya macho imekula mishipa. Iliyoliwa hairudi. Iliyobaki inaliwa. Matone anayonipa ni ya kuibembeleza tu ile mishipa isiondoke yote kwa pamoja. Sasa sikiliza, mdogo wangu. Refa aliniona nikikimbia. Marehemu mke wangu aliniona. Bibi huyu hapa aliniona."

"Nilikuona," nikasema. "Upepo wako ulinivua kitambaa."

"Umesikia? Wote waliniona. Ni mimi peke yangu sijajiona. Mtu hajioni akikimbia, fundi. Anaona tu mbele yake. Nataka nijione mara moja kabla taa hazijazimwa. Basi. Nikishajiona, giza lije, nitaliambia karibu kiti."

Mkwe wangu akafungua mdomo. Nikalijua neno linalokuja, hata yeye alilijua. Lilifika kwenye meno, likageuza. Akasema, "Lete."

Aliifuta kanda ile kutwa nzima, akaitia kwenye deki. Kioo kikajaa chenga, kama mtu amemwaga unga wa majivu. Ndani yake kulikuwa na vivuli vinakwenda huku na huku. Kinyozi alisogeza pua hadi ikagusa kioo.

"Hii mvua," akasema. "Siku ile hapakuwa na mvua."

"Ni ukungu umekula utepe," mkwe wangu akamjibu. "Lazima isafishwe picha moja moja."

Akakata kipindi cha kwanza akakitupa, akabakiza cha pili, kwa kuwa Kinyozi alikumbuka alikimbia sana cha pili ingawa hakukumbuka dakika. Akaipa programu. Programu ikafikiri, ikaleta jibu la muda utakaochukua. Sikuuliza ni siku ngapi. Nilimwona mkwe wangu anavyolisoma, kisha anamtazama Kinyozi, kisha analisoma tena kama anayetumaini limekosewa. Ule ulikuwa muda wa kupanda mahindi leo ukaja kuyala ya kuchoma. Na daktari alikuwa ametaja muda mfupi kuliko huo.

Wenye kompyuta kubwa kule katikati ya mji walipigiwa simu. Wakasema foleni yao inafika mwakani, na kanda yenye ukungu hawapokei.

Ndipo akaitwa Dada wa Vipuri. Huyu ana duka la kompyuta zilizotumika pale kona ya soko. Mwanamke mwembamba, mdomo wake una kasi kuliko vyote anavyouza. Alikuja, akapiga magoti chini ya meza, akaifungua kompyuta ubavu, akaimulika kwa simu.

"Kaka, una bahati," akasema kutoka huko chini. "Prosesa yako ni ile isiyofungwa kiwandani. Unaweza kuipandisha kasi."

"Prosesa ndiyo nini, mwanangu?" nikauliza.

"Ndiyo inayofikiri, bibi. Kiwandani wameiambia itembee mwendo huu. Sisi tunaingia kwenye mipangilio, tunaiambia ikaze mwendo."

"Ikikataa?"

"Inagoma. Unaizima, unaiwasha, unairudisha nyuma hatua moja. Ila ukiilazimisha inaungua, na ikiungua hata mazishi haina."

Mkwe wangu alikuwa amesimama na mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. "Sijawahi kufanya hivyo," akasema.

"Ndiyo maana utaenda polepole. Anayeanza akienda mbio anaua mashine. Inataka upande kidogo, upime, upande kidogo, upime."

Binti yangu alikuwa mlangoni, amebeba beseni. Akacheka hadi akaliweka chini. "Polepole? Dada, umempata bingwa wa dunia. Baba watoto, leo ndiyo kazi yako imekuja."

Hata Kinyozi alicheka. Na mimi kwa kweli niliona kama bahati imetukalia. Kazi inayotaka mwenda pole, na mwenda pole tunaye.

Kwanza alitoa nakala ya kazi yote akaiweka kwenye kisanduku kingine, akakifungia kabatini, maana Dada alimwambia mashine inayosukumwa inaweza kuanguka na mzigo wake. Pili alipuliza vumbi. Vumbi lililotoka mle lingetosha kufyatua matofali. Tatu alitoa kifeni cha zamani kilichokaa juu ya prosesa, akafuta pesti iliyokaukia pale, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma cha kupoozea. Akaweka mpya, tone dogo kama punje ya choroko. Dada alimkemea asipake kama siagi. Juu yake akafunga chuma kikubwa na feni pana aliyoiuza Dada, imetumika lakini nzima. Akakagua na lile boksi linalogawa umeme, kama lina nguvu ya kubeba.

Halafu akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaotokea kabla kompyuta haijafungua macho vizuri. Akapandisha kasi hatua moja. Umeme wa prosesa hakuugusa. Dada alimwonya, "Volti ziache kwanza. Volti ni pilipili. Kuongeza rahisi, kupunguza umeshakula." Kisha akafungua programu ya kuitesa, ambayo kazi yake ni kuipa prosesa hesabu zisizo na faida hadi itoe jasho, huku kioo kikionyesha nyuzi za joto. Zikizidi themanini na kidogo, arudi nyuma.

Akakaa anazitazama. Kinyozi akakaa kwenye kigoda chake, uso kwenye kioo asichokisoma.

"Imefika ngapi?"

"Sitini."

"Inapumua vizuri?"

"Vizuri."

"Waambie wapige pasi pembeni," akasema Kinyozi.

Siku ikapita hivyo. Haikugoma. Akapandisha hatua ya pili, akaitesa tena kutwa. Haikugoma. Kinyozi akaanza kufunga kibanda mapema ili awahi kuja kukaa. Wateja wakawa wanavuka barabara na mashuka shingoni kumfuata, nusu kichwa kimenyolewa, wanamkuta anasikiliza feni.

Hatua ya tatu, kioo kikawa cha bluu, kompyuta ikajizima.

Mkwe wangu hakustuka. Akairudisha nyuma kidogo, ikatulia. Akajaribu tena hatua ya tatu, ikaanguka. Akampigia Dada. Dada akasema ongeza volti, unywele mmoja tu. Akaongeza. Ikatulia, lakini joto likapanda kama maziwa jikoni, akawahi kuirudisha. Akafuta pesti, akapaka upya. Joto ni lile lile. Akafungua dirisha, akaomba hata mimi nisogeze kiti changu, isije ikawa nazuia upepo. Ikaanguka.

Dada alikuja mwenyewe mwishoni. Akajaribu mbinu zake zote, akainuka, akapangusa magoti.

"Kaka, umefanya kila kitu sawasawa. Hii prosesa yako ndivyo ilivyozaliwa."

"Ile ya rafiki yako uliyonisimulia ilikwenda hatua saba. Na ni aina hii hii."

"Watoto wa tumbo moja hawafanani. Zinatoka kiwanda kimoja, siku moja, moja inakimbia, moja inachechemea. Hakuna anayejua hadi azijaribu. Si kosa lako, na si kosa lake."

Basi hiyo ndiyo faida tuliyopata: kila kazi ya siku kumi ingekwenda siku tisa. Mkwe wangu alimweleza Kinyozi huku anatazama sakafu. Ningependa angetafuta mtu wa kumlaumu, ingemsaidia. Hapakuwa na mtu.

"Siku moja katika kumi," Kinyozi akasema. "Siku ni siku, mdogo wangu. Washa."

Programu ikaanza kusafisha. Kila asubuhi Kinyozi alivuka kuja kuuliza imefika wapi, na mkwe wangu, aliyekuwa hasemi ila kesho, akawa anatoa habari kamili kama redio. Imefika kona ya kwanza. Imefika kipa anapodaka. Huko upande wa pili, macho ya Kinyozi nayo yalikuwa yanafanya kazi yao. Mteja mmoja alitoka kibandani na nyusi moja. Hakusema kitu, masikini, alinunua miwani ya jua. Wa pili alisema. Kinyozi akazima mashine yake ya kunyolea, akaipangusa, akaining'iniza msumarini, akafunga kibanda mchana kweupe.

Mtu asiye na kazi mikono inamwasha. Nilikuwa nimekwenda kliniki na magoti yangu, binti yangu amenisindikiza, mkwe wangu kapeleka deki kwa mteja. Mlango wetu haufungwi. Tuliporudi tulimkuta Kinyozi kwenye kigoda chake, ametulia, uso umepata nuru kidogo. Hatukuwaza lolote.

Baada ya siku chache ile feni ikaanza kukoroma, mkoromo wa mjomba aliyeshiba. Joto likapanda. Mkwe wangu akaipunguza kasi hatua moja, likapanda. Akapunguza nyingine. Kabla hajafika popote, ikajizima yenyewe, pap.

Akaifungua ubavu. Mapanga ya feni yalikuwa yamevaa manyoya. Vumbi, nywele zilizokatwa, poda ya shingo, vyote vimeshikana kwa mafuta vikawa ugali mweusi, hadi kwenye mhimili. Na mafuta yametiririka hadi kwenye mbavu za kile chuma cha kupoozea.

"Nywele?" binti yangu akasema. "Nywele za nani humu?"

Kinyozi alikuwa mlangoni. Alisimama, mkono kwenye fremu.

"Nywele za wateja," akasema. "Ni za brashi yangu. Niliufungua ule ubavu, nikaipangusa feni kwanza, ndipo nikaitia mafuta."

"Mafuta gani, mzee?"

"Ya mashine ya kunyolea. Yangu ikilia naitia matone mawili, inapoa, inakwenda. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Nilisikia hii inalia. Nikasema, nami nisaidie." Akapapasa fremu ya mlango. "Nilitafuta kitundu cha kutilia. Huenda sikukiona vizuri."

"Mzee wangu, umeiua!" binti yangu akapaza sauti. "Umeiua kwa mkono wako mwenyewe!"

"Mama watoto," mkwe wangu akasema. "Basi."

Akamshika Kinyozi mkono, akamkalisha. "Kaka, ilikuwa inalia vipi?"

"Vvvvv. Hivyo. Haipumziki."

"Haikuwa inalia. Ilikuwa inafanya kazi."

Kinyozi akaitikia kwa kichwa. Mara nyingi, kama anayekubali hesabu. Mkwe wangu akatoka uani, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilimpelekea chai. Aliinywa inatoka moshi, akaimaliza, sidhani kama alijua imemchoma.

Dada wa Vipuri alisema feni ya namna ile hana nyingine, iagizwe, itakuja itakapokuja. Ile ya zamani ikarudishwa. Na kwa feni ya zamani mwendo wa kuongeza hauwezekani. Hata mwendo wa kiwandani ilikuwa inauvuta kwa taabu. Tukaleta feni ya mezani kutoka chumbani kwao, ikaelekezwa kwenye ubavu ulio wazi, sisi wengine tukalala tunajipepea na mifuniko ya sufuria. Picha zilizosafishwa siku za lile joto zilikuwa zimeharibika, zina mistari, ikabidi zirudiwe. Ile siku moja katika kumi tuliyoipata tuliirudisha, na juu yake tukalipa nyingine.

Mkwe wangu alijaribu kila alichoweza, na alichoweza kilikuwa kukaa. Alifunga programu nyingine zote. Alikataa kazi za watu. Alikaa mbele ya kile kioo kinachosogea picha moja, picha moja, na mimi niliona mtu aliyezoea kuchelewesha wengine anavyojua kucheleweshwa. Niliwahi kumwambia, "Mkwe, hebu ipige kofi." Alicheka kwa heshima. Baadaye, akidhani nimesinzia, aliipiga.

Kinyozi aliendelea kuja. Hakuuliza tena imefika wapi. Katikati ya jicho lake la kulia paliondoka, kisha la kushoto. Kikabaki kipande kidogo pembeni kabisa, upande wa sikio. Akawa anageuza kichwa kama kuku anayemwangalia mwewe. Ukitaka akuone, simama ubavuni kwake. Nilimtania, nikamwambia sasa anatazama watu kwa maringo. Akasema, "Bibi, uzuri wako ni wa ubavuni, siku zote sikujua."

Kazi ikamalizika alasiri moja, wakati wa watoto kutoka shule. Hapakuwa na kengele wala nini. Programu iliandika tu kwamba imemaliza. Mkwe wangu akamtuma binti yangu ng'ambo. Akafunga pazia. Kigoda akakiweka kiubavu kwa kioo, karibu sana, na Kinyozi akaja akashikwa mkono, amevaa shati la kupigwa pasi.

"Uko tayari, kaka?"

"Washa kabla hiki kipande nacho hakijaondoka."

Akawasha. Na mimi nawaambia, mkwe wangu ni fundi. Chenga zote zimekwisha. Uwanja umelala kijani, mistari ya chokaa, jukwaa la mbao, watu wa zamani na mashati yao ya kola ndefu. Na huyu hapa kijana wa jezi nyeupe, miguu kama mianzi, mpira haumhusu kwa sasa, amesimama amejishika kiuno. Nilimjua kwa masikio yake.

"Unaona nini?" mkwe wangu akauliza.

Kinyozi aligeuza kichwa zaidi, akakirudisha kidogo, kama anayetafuta stesheni ya redio.

"Kijani," akasema. "Naona kijani. Kijani kweli kweli."

"Ndiyo uwanja."

"Ndiyo uwanja," akaitikia.

Mpira ukaja pembeni. Kijana akachomoka. Jamani. Binti yangu, ambaye hakuwahi kumwona akikimbia, aliweka mkono mdomoni.

"Kuna kitu cheupe," Kinyozi akasema. "Kimepita. Kilikuwa nini?"

"Wewe," mkwe wangu akasema.

"Sikukiwahi. Rudisha."

Akarudisha. Kijana akachomoka. Kinyozi akageuza shingo kwa nguvu hadi mshipa ukasimama, lakini kile kipande chake cha jicho kilikuwa kidogo kama kitundu cha ufunguo, na kijana akakivuka kabla hakijamshika.

"Tena."

Tena. Na tena.

"Ipunguze mwendo, mdogo wangu," akasema. "Ipunguze nimkamate."

Mkwe wangu akaipunguza. Nusu ya mwendo, bado. Akaipunguza zaidi, hadi miguu ya yule kijana ikawa inainuka na kushuka kama mtu anayetembea ndani ya maji. Kinyozi akatulia. Mdomo ukafunguka.

"Nimempata. Nimempata. Jezi nyeupe. Mkono ule. Ni mimi." Akatazama, akatazama. Kisha uso ukabadilika polepole. "Lakini anatembea."

Akakisogeza kigoda karibu zaidi.

"Anatembea, fundi. Kutembea najijua."

Mkwe wangu akaweka mkono kwenye vitufe, akaongeza mwendo kidogo. "Hapo?"

"Anatembea."

Akaongeza. "Hapo?"

"Hapo amepotea."

Akarudi nyuma kidogo, akaongeza kidogo, akarudi, akitafuta mahali ambapo mtu anaweza kukimbia na kuonekana kwa pamoja. Alikwenda taratibu, kama alivyokwenda na ile prosesa, hatua na kupima, hatua na kupima. Alikuwa na subira ya kutosha watu mia. Mahali penyewe hapakuwepo.

"Acha," Kinyozi akasema mwishoni. "Iache kwenye mwendo wake."

"Hutaona, kaka."

"Najua. We mwache akimbie."

Akarudisha mwanzo, akaachia. Kinyozi akaacha kugeuza kichwa. Alikaa ameelekea kioo moja kwa moja, kama watu wote, na macho yale mawili yasiyo na kazi.

"Bibi," akasema, "niambie nikivuka mstari wa katikati."

Nikasogeza kiti.

"Bado," nikamwambia. "Bado. Mpira unakuja. Haya, umevuka! Huyoo!"